Maji Yasipite Kidevu

"Watoe hao watoto kwenye beseni, Yunus, kabla sijakutumbukiza wewe!"

"Dada, tafadhali. Hili ni suala la kitaalamu."

"Utaalamu wa kuzamisha! Tangu lini kobe akaogelea? Hao ni dagaa?"

"Kobe na kasa ni ukoo mmoja."

"Na mimi na wewe ni tumbo moja. Mbona akili niliibeba peke yangu?"

Ma Kokugonza hakungoja jibu. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akavua wa kwanza, akavua wa pili, akavua wa tatu, akawapanga juu ya khanga yake kama mwuza vitumbua. Na ukubwa wao ulikuwa huo huo: vitumbua vitatu vyenye miguu! Vichwa walikuwa wamevifungia ndani. Hakuna hata mmoja aliyetaka kusikia tena habari za dunia hii.

"Mkwe wako yuko Kemondo," alisema Ma Kokugonza, akiwapangusa. "Kemondo, Yunus! Kabla ya adhuhuri atakuwa hapo mlangoni."

"Mkwe mtarajiwa," Yunus alisahihisha.

Mtu maji yamemfika puani, bado anasahihisha wenzake!

Lakini ndivyo alivyo Yunus Rweyemamu, msomi wa kujigamba, nshomile mkuu wa Kitendaguro yote. Wapo watu waliosoma mpaka wakanyamaza. Yunus alisoma kidogo tu, ndiyo maana hanyamazi. Ana diploma moja, ya utunzaji wa maghala, nayo ameitundika sebuleni ndani ya fremu ya dhahabu ya plastiki, ikiwa na balbu yake yenyewe juu, utadhani ni picha ya rais. Ukiingia kuomba chumvi unaonyeshwa diploma. Ukiingia kutoa pole ya msiba unaonyeshwa diploma, halafu unaombwa ukae upande ambao kivuli chako hakiigusi.

Miaka thelathini na mmoja alitunza ghala la kahawa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kahawa haipati unyevu. Tumpe haki yake: Bukoba hii, ambako mvua hunyesha mpaka vyura wanaomba mwavuli, kukausha kitu kikakauka si mchezo. Hakuna gunia lake lililopata ukungu. Tatizo ni kwamba Yunus alistaafu, lakini lile ghala likahamia kichwani mwake na halijatoka mpaka leo. Anaanika sabuni. Anaanika viatu alivyovianika jana. Marehemu mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake angeweza, angeanika na mchuzi.

Sasa mtu wa namna hiyo, wa kukausha mpaka kivuli chake, ndiye aliyepewa watoto wa kobe awanyweshe.

Alipewaje? Alijitakia!

Yunus ana mtoto mmoja tu, Ismael, fundi wa majokofu huko Mwanza, kijana mtulivu ambaye haieleweki utulivu aliutoa wapi. Mama yake alipofariki, Ma Kokugonza ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamfunza kuvuka barabara. Na Ismael, mwaka wa tatu sasa, hali, halali, hanenepi, kwa ajili ya Safina wa Kashai.

Safina naye ana mama. Hapo ndipo mlima ulipo.

Bi Mastura ni mjane asiyepandisha sauti, kwa sababu hajawahi kuhitaji. Babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani akiwa na sanduku la nguo na kobe mmoja jike, na mpaka leo uani kwake kuna kobe kama majirani walivyo na kuku. Wana kibali cha serikali, kina mihuri mingi kuliko cheti cha ndoa cha Yunus. Siku Yunus alipokwenda kubisha hodi ya posa, Bi Mastura alimkaribisha, akamsikiliza juu ya diploma kwa saa nzima, kisha akasema:

"Bwana Yunus, nakwenda Muleba kumwuguza dada yangu siku nane. Nina hawa watoto watatu wametotolewa juzi. Nitakuachia wewe."

"Watatu tu?" Yunus alicheka. "Bi Mastura, mimi nimetunza tani elfu nne! Punje haikuoza! Nitashindwa na vitu vitatu vyenye uzito wa maandazi?"

"Nikirudi nikawakuta macho yao yamefunguka na wanakunywa, leteni posa Ijumaa. Nikiwakuta macho yamezama, Ismael atafute mke kwingine. Nyumba inayomsahau mdogo asiyeweza kulia, mimi siipelekei mtoto."

Halafu akaanza kueleza. Yunus akatoa daftari jipya, akatoa kalamu, akaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Akatoa kalamu nyekundu, akatoa rula, akakipigia mstari. Mstari ukapinda. Akapiga wa pili. Alipomaliza kuupuliza wino ukauke, Bi Mastura naye alikuwa amemaliza kueleza!

"Umeandika yote?"

"Yote," alisema Yunus, akafunga daftari.

Ma Kokugonza, aliyefuatana naye, alikuwa ameketi pembeni, akitafuna kahawa yake. Yeye shule aliiona kupitia dirishani, siku alipopeleka ndizi za walimu. Kwa kuwa hana daftari, huandika masikioni, na masikio hayachanwi karatasi. Alisikia yote: kila asubuhi maji ya vuguvugu kwenye sahani, yasipite kidevu cha mtoto, muda wa kuchemsha kiazi, pahali palipo kimya. Wakijisaidia humo ni dalili njema, mwaga uweke mengine. Kobe mchanga hukauka upesi kuliko kitambaa. Basi.

Kesho yake goti likamwuma, akarudi kwake Kahororo. Alipopiga simu siku ya nne kuuliza habari za wageni, Yunus alijibu kwa fahari, "Wako imara, dada! Wakavu kabisa!"

Ma Kokugonza alicheka sana. Alidhani ni mzaha. Miaka sitini na nne ya kumjua Yunus, na bado akadhani ni mzaha!

Leo asubuhi aliposhuka kwenye bodaboda na goti lake, alimkuta mdogo wake amesimama sebuleni, ameshika mtoto wa kobe sikioni, anamtikisa.

"Unafanya nini, Yunus?"

"Shh. Nasikiliza."

"Amekupigia simu?"

"Kahawa ikikauka vizuri, ukiitikisa punje hugonga ndani ya ganda. Huyu bado hajagonga. Wale wawili nao bado kidogo."

Maawe! Ma Kokugonza alikaa chini bila kutafuta kiti.

Ile balbu ya diploma ilikuwa imeshushwa. Sasa ilikuwa inawaka juu ya boksi la runinga, na ndani ya boksi kulikuwa na maganda ya kahawa makavu, yamesawazishwa kwa rula. Mchicha wao ulikuwa umeanikwa juani siku mbili kabla ya kupewa. Maji? Hata picha ya maji haikuwemo.

"Unawanywesha saa ngapi?"

"Kuwanywesha?" Yunus alimtazama kwa huruma, kama msomi anavyomtazama mbuzi. "Dada, tuko Bukoba! Unyevu umejaa hewani! Hawa wakiongezewa maji watavunda. Adui nimemfungia nje."

"Na lile doa kwenye boksi?"

Yunus alitahayari. "Bati limetoboka. Maji yanadondokea pale pale kila mvua inaponyesha. Boksi nimelihamisha mara tatu, tone linalifuata."

Ndipo Ma Kokugonza alipojua kwa nini watoto wale bado walikuwa hai. Walikuwa wamenyweshwa na Mungu na bati bovu! Lakini tone la kuibia ni tone la kuibia. Macho yao yalikuwa yamerudi ndani kama vifungo kwenye godoro, na ngozi ya shingo imekunjamana kama ya mkopaji aliyeona mdai.

"Yunus," alisema taratibu, "unajua Ijumaa ni keshokutwa?"

"Najua. Kanzu nimeshainyoosha."

"Basi itandike vizuri, utazikiwa humo."

Akaenda jikoni kuchemsha maji. Hakuwa amefika hata kwenye mafiga, simu ikalia. Bi Mastura, sauti yake ile ile ya chini: amemaliza Muleba mapema, yuko Kemondo, anapitia moja kwa moja kuwachukua watoto wake.

Nshomile akashikwa na homa. Mtu aliyekuwa akiogopa tone, sasa akataka ziwa! Akabeba beseni la kufulia mablanketi, akalijaza mpaka ukingoni kwa maji ya bomba baridi kama ulimi wa mchawi, akawatumbukiza wote watatu kwa mpigo. Walishuka chini kama mawe ya mizani. Na hapo ndipo Ma Kokugonza alipotokeza mlangoni na sufuria mkononi, na lile gomvi mlilolisikia likaanza.

"Dakika mbili kwenye beseni ni sawa na siku nane kwenye sahani," Yunus alijitetea. "Ni hesabu tu."

"Basi na wewe kula gunia la wali leo, usile tena mpaka Idi!"

"Nimekwisha kumwita mtaalamu," Yunus alisema.

Mtaalamu akaingia. Alikuwa Ildefons, bwana mifugo mstaafu, mwenye buti na chupa ya kunyweshea ng'ombe dawa, chupa yenye shingo ndefu kama shetani wa kisima. Yunus, pamoja na balaa lote lile, hakusahau adabu ya nyumba. Alimmiminia juisi ya ndizi, akaonja yeye kwanza mbele ya macho yake, akamkabidhi. Ildefons alingoja mpaka aone koo la mwenyeji limeshuka, ndipo naye akanywa. Uhayani, mgeni hanywi asichoonjewa. Hata kama mwenyeji ni ndugu yako. Hasa kama ni ndugu yako!

"Haya, mgonjwa yuko wapi?" Ildefons aliuliza, akijipangusa midomo. "Ana kilo ngapi?"

Ma Kokugonza alifunua khanga.

Ildefons alitazama wale watoto. Akaitazama chupa yake. Shingo ya chupa peke yake ingewameza wote watatu na nafasi ikabaki ya mpangaji.

"Ta Yunus," alisema kwa upole, "mgonjwa wangu mdogo kabisa maishani alikuwa ndama. Naye alinipiga teke." Akamaliza juisi, akaomba radhi, akaondoka na buti zake.

Ma Kokugonza alikwisha kuleta sahani ya bati, akamimina maji, akayajaribu kwa kiwiko kama ya kuogeshea mtoto wa arobaini. Vuguvugu. Akawaweka watoto mmoja mmoja.

"Yafike kidevuni, yasipite," alinong'ona.

"Kidevu kikiwa ndani au nje?" Yunus aliuliza.

"Nini?"

"Wamekificha. Kipimo hakijulikani. Ngoja nilete rula."

"Keti!"

"Na joto? Tungepata kipimajoto. Na maji haya yamechujwa? Unajua, dada, kitaalamu, chombo cha bati…"

Kila Yunus alipofungua mdomo, ule wa watoto ulizidi kufungwa. Magamba matatu ndani ya sahani, kimya kama maombolezo. Ma Kokugonza alijua wanachohitaji. Maji walikuwa nayo. Vuguvugu walikuwa nalo. Kilichokosekana ni kimya, na kimya ndani ya nyumba ya Yunus hakijapata kuingia tangu ilipoezekwa!

Akafikiri. Angemwambia anyamaze? Marehemu mkewe alijaribu miaka kumi na mitano. Angemfukuza? Angehutubia kupitia dirishani. Nje, pikipiki ilikuwa ikinguruma mahali fulani chini ya mteremko. Ijumaa ya Ismael ilikuwa inaning'inia kwenye ncha ya ulimi wa baba yake.

Hapo kile kishetani kidogo kinachokaa kwenye shavu la kushoto la Ma Kokugonza kikaamka.

"Yunus," alisema kwa huzuni, "wewe mwenyewe umesahau adabu. Hawa ni wageni. Nani amewaonjea?"

Yunus alisita. "Wanyama nao?"

"Huyu kobe bibi yake alitoka pwani akaishi Bukoba miaka themanini. Asiyezoea desturi zetu ni nani, yeye au wewe? Si umemwona Ildefons? Kanywa kabla hujameza?"

"Hakunywa," Yunus alikiri. Na jambo likishaingia kwenye hesabu, nshomile hana pa kutokea.

"Basi. Chukua funda moja, kutoka sahani hiyo hiyo, wakuone. Lakini usimeze! Kwa wageni wachanga, mwenyeji hushikilia funda kinywani mpaka mgeni anywe. Ukimeza mapema, wanajua unawaharakisha. Ukisema neno, wanajua unawasengenya."

"Hiyo nimewahi kuisoma mahali," alisema Yunus.

Bila shaka! Alikuwa ameisoma sekunde ile ile ilipotungwa!

Akavua miwani. Mwenye diploma akapiga magoti. Akainama mpaka kidevu chake chenye mvi kikatua kwenye ukingo wa sahani, akavuta funda, mashavu yakajaa kama ya chura wa masika. Akatulia.

Kimya.

Jamani, kimya! Ma Kokugonza alisikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Alisikia migomba nje ikidondosha maji. Na ndani ya sahani, gamba dogo kuliko yote likatikisika. Kikatoka kipua. Kikatoka kichwa. Shingo ile iliyokunjamana ikanyooka, ikainama, na kidevu kikagusa maji. Mtoto akanywa! Si kulamba, kunywa kwa koo zima, kama mvuna kahawa saa nane mchana.

Yunus akameza funda, akaruka. "Nilisema! Mbinu yangu imefanya ka…"

Kichwa kikarudi ndani kama kadi kwenye mashine ya benki.

"Anza upya," alisema Ma Kokugonza kwa meno.

Yunus akarudi magotini. Akavuta funda la pili, kubwa kuliko la kwanza, la mtu anayetubu. Kimya tena. Akatoka yule mdogo. Akatoka wa pili. Akatoka wa tatu. Videvu vitatu majini, koo tatu zinapanda na kushuka, na macho, yale macho ya kifungo cha godoro, yakaanza kupanda juu, yakang'aa, yakatazama huku na huku. Machozi yalimlenga Ma Kokugonza. Alimwona Ismael amevaa kanzu. Alimwona Safina. Aliona sinia la pilau na yeye mwenyewe amekaa karibu nalo kuliko wote.

Ndipo alipoyaona na maji.

Yalikuwa yamebadilika rangi. Upande wa Yunus hasa. Yule mdogo, baada ya siku zote zile za ukame, alikuwa amepata vuguvugu, amepata raha, na amejisaidia kama mtoto yeyote mwenye afya: kijani kidogo, na juu yake utando mweupe unaoelea kama unga wa muhogo. Dalili njema! Bi Mastura mwenyewe alisema ni dalili njema!

Ma Kokugonza akahesabu nyuma. Ule weupe ulikuwapo kabla ya funda la pili, au baada yake? Akayatazama mashavu ya mdogo wake, yaliyojaa, yenye imani. Ukingoni mwa mdomo, kwenye mvi za ndevu, palikuwa na chembe nyeupe.

Kabla yake.

Mzaha una mipaka, hata kwa mtu wa Kahororo.

"Yunus," alinong'ona, "kipenzi changu, hilo funda, usi…"

"Hodi!"

Mlango ulikuwa wazi. Bi Mastura alikuwa amesimama kizingitini, ushungi wake umenyooka, kikapu mkononi, matope ya bodaboda kwenye viatu.

Mbele ya mkwe mtu anaweza kufanya mengi. Anaweza kujikwaa. Anaweza kupiga chafya akaomba radhi. Lakini kutema! Kutema mate, kutema maji, kutema chochote, miguuni pa mama wa mke wa mwanao, siku mbili kabla ya posa? Ukoo mzima ungehamia visiwani.

Yunus alimtazama dada yake. Dada yake alitazama sahani. Yunus naye akatazama sahani, akauona ule weupe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaelewa jambo bila mtu kumfafanulia.

Macho yakamtoka. Akamtazama mkwe.

Akameza.

Bi Mastura alisogea polepole. Aliinama juu ya sahani. Vichwa vitatu vilikuwa juu, macho angavu, videvu vinadondosha maji. Akawahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Kidole kikaendelea mpaka ukingoni, kikakuta kidevu kingine, chenye mvi, nacho kinadondosha.

Kidole kikasimama.

"Mimi," alisema Bi Mastura, kwa sauti yake ile ya chini, "niliacha watatu."